Pensheni ya CNSS, ya Leta, ya kampuni na ya sendika: namna ya kuzitofautisha na kuzidai ukiwa Lubumbashi

Mtu wa Lubumbashi akisema "ninangojea pensheni yangu", anaweza kuwa anazungumzia pesa nne zisizo na undugu. Kuna ile ya CNSS (kasha la taifa la usalama wa jamii), inayotokana na makato ya kila mwezi. Kuna ya mtumishi wa Leta, yaani wa serikali. Kuna aliyoahidi mwajiri mwenyewe, iwe katika mkataba au katika makubaliano ya pamoja. Tena kuna ile ya chama cha kusaidiana au ya sendika (chama cha wafanyakazi). Kila moja ina mlango wake, karatasi yake na mtu wa kuulizwa. Wengi wanaochelewa kulipwa hawakunyimwa haki. Walipeleka dosye (faili la maombi) kwenye mlango usio wake, au walipeleka karatasi ya pesa moja kudai pesa nyingine.

Hatua ya 1: Jua sheria inayokushika

Usiangalie jina lililoandikwa kwenye geti. Angalia aliyetia sahihi kwenye mkataba wako.

Ukiwa na mkataba wa kazi unaofuata Sheria ya Kazi (Code du travail ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016), wewe ni wa CNSS. Hiyo ndiyo INSS ya zamani, iliyoundwa mwaka 1961 na kubadilishwa jina mwaka 2018. Sheria inayoiongoza leo ni nambari 16/009 ya 15 Julai 2016. Ukiwa na matrikule (nambari ya mtumishi) ya Leta na karatasi ya kukuingiza katika utumishi wa umma, wewe ni wa CNSSAP, kasha la watumishi wa Leta lililoundwa kwa amri ya Desemba 2015.

Hapa Katanga watu wanachanganya hasa kuhusu kampuni kubwa za zamani. Gécamines (migodi), SNCC (reli), SNEL (umeme) na Regideso (maji) ni mali ya Leta, lakini tangu mageuzi ya 2008 na 2009 ni kampuni za kibiashara. Mfanyakazi wa reli si fonksionere, yaani si mtumishi wa Leta. Akienda kwenye ofisi za utumishi wa umma kuuliza pensheni yake, atarudishwa tu. Mlango wake ni CNSS.

Kwa walimu, mambo yako hivi: anayefundisha katika shule ya Leta au ya madhehebu iliyo conventionnée (yenye mkataba na Leta), mwenye matrikule na anayelipwa na Leta, ni wa upande wa Leta. Anayelipwa na mwenye shule ya binafsi ni wa CNSS, hata kama shule hizo mbili zinatenganishwa na ukuta tu.

Migodini shida ni mkandarasi mdogo. Beji ina jina la mgodi, kofia ina rangi ya mgodi, lakini mkataba una jina la sosiete (kampuni) nyingine kabisa. Anayepaswa kukutangaza CNSS ni huyo wa kwenye mkataba. Ukihama kutoka mkandarasi mmoja kwenda mwingine, nambari yako ya CNSS haibadiliki. Mwajiri mpya akikuandikisha upya kana kwamba hujawahi kufanya kazi popote, kataa papo hapo na mpe nambari ya zamani. Ukikubali, miezi yako itagawanyika katika akaunti mbili, na kuziunganisha baadaye ni safari ndefu.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya mshahara kama mhasibu

Mwajiri analazimika kukupa maelezo ya maandishi ya malipo kila anapokulipa. Karatasi hiyo ndiyo silaha yako, basi isitupwe.

Tafuta mstari ulioandikwa CNSS, mara nyingi ukifuatwa na QPO, yaani sehemu ya mfanyakazi. Inatakiwa kuwa asilimia 5 ya mshahara unaokatwa. Mwajiri naye anaongeza asilimia 5 kwa pensheni, asilimia 6.5 kwa posho za familia na asilimia 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Jumla ni asilimia 18: mfanyakazi 5, mwajiri 13.

Chukua mtu anayepokea dola 900 kwa mwezi, zilizogawanywa hivi: mshahara wa msingi 600, nyumba 180, usafiri 120. Hapo ndipo wengi wanashangaa. Sheria ya Kazi haihesabu posho ya nyumba, usafiri, matibabu wala posho za familia kuwa mshahara. Kwa hiyo michango inatoka kwenye 600 peke yake. Wewe unakatwa dola 30, mwajiri anaweka dola 30 kwa pensheni, 39 kwa familia na 9 kwa ajali. Jumla ni dola 108 zinazokwenda CNSS, na katika hizo, ni 60 tu za uzee wako.

Matokeo yake ni haya: pensheni yako itahesabiwa juu ya 600, wala si juu ya 900 ulizozoea kula nazo. Mwajiri anayekuahidi mshahara mzuri kwa kujaza posho na kupunguza msingi hajavunja hesabu ya mwisho wa mwezi huu, ila anapunguza ya uzeeni. Wakati wa kujadili mkataba, gombania mshahara wa msingi kwanza.

Zile asilimia 1.5 za ajali usizichanganye na pensheni. Ukivunjika mguu kazini ni tawi lingine la CNSS linalolipa, lenye fomu yake na muda wake wa kutangaza.

Hatua ya 3: Hakikisha pesa ilifika

Kukatwa ni jambo moja, kufikishwa ni jambo lingine. Mwajiri anapaswa kutangaza na kulipa michango kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akikata na kukaa na pesa, wewe una karatasi ya mshahara inayoonyesha makato, lakini kwenye akaunti yako ya CNSS mwezi huo ni mtupu. Na CNSS inahesabu miezi iliyo kwenye daftari lake.

Kwa hiyo usingoje kuzeeka. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, nenda kwenye biro ya CNSS na kitambulisho, nambari yako na nakala za karatasi za mshahara, uombe relevé (orodha) ya michango yako. Ukiipata, kaa chini na kalamu, uangalie mambo matano:

1. Jina, herufi kwa herufi, na mpangilio wake (jina, postnom, prénom).
2. Tarehe ya kuzaliwa, hasa kama karatasi zako za zamani zinasema "né vers" (alizaliwa karibu mwaka fulani).
3. Majina ya waajiri wote, wakiwemo wale uliokaa nao miezi michache.
4. Miezi iliyokosekana katikati.
5. Mshahara uliotangazwa, ukilinganisha na ule wa kwenye karatasi yako.

La tano ndilo linalopita bila kuonekana. Kuna waajiri wanaotangaza kila mtu kwa mshahara wa chini wakati wanalipa zaidi. Miezi yote ipo, kila kitu kinaonekana safi, na kosa linatokea siku ya hesabu ya pensheni.

Ukikuta shimo, anza kwa barua kwa mwajiri, nakala kwa delege (mjumbe) wa sendika na kwa CNSS. Beba nakala ya ziada, wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Barua bila muhuri wa kupokea ni kama haikuandikwa. Mwajiri akinyamaza, peleka kwa Mkaguzi wa Kazi. Kwa mgogoro wa mtu mmoja, upatanisho mbele yake unatangulia kabla ya Mahakama ya Kazi. Usikawie, kwa kuwa madai yanayotokana na mkataba wa kazi yana muda wa kufa, na yale ya mshahara yanakufa mapema zaidi.

Kuna jambo la wazee ambalo vijana wanaofuatilia dosye za wazazi wao hawalijui. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Mzee aliyeajiriwa mwaka 1968 kwa jina la Joseph anaweza kuwa na kartoni ya kazi yenye jina moja na kitambulisho chenye lingine. Kwa mjane wake, huo ndio ukuta wa kwanza. Unapita kwa karatasi ya mahakama au ya komini inayothibitisha kwamba majina mawili ni mtu mmoja, na karatasi hiyo itafutwe kabla ya nyingine zote.

Hatua ya 4: Tenganisha pesa za kampuni na pensheni

Siku ya kutoka kazini unapokea décompte final, yaani hesabu ya mwisho. Ndani yake kuna siku ulizofanya kazi na hujalipwa, likizo ambazo hukuchukua, pengine preavi (malipo ya taarifa ya kuachishwa), sehemu ya gratification (bonasi), na mahali pengine malipo ya mwisho wa kazi. Hesabu hiyo inalipwa mara moja na mwajiri, halafu biashara yenu imekwisha. Haiko badala ya CNSS, na CNSS haiko badala yake.

Watu wa mji huu wanalijua jambo hilo kwa uchungu. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa Gécamines mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo, na ubishi kuhusu hesabu zake uliendelea kwa miaka mingi. Mtu aliyepokea mkupuo wa namna hiyo bado anapaswa kufuatilia miezi yake ya CNSS peke yake, kwenye mlango wake.

Sasa, kampuni nyingine zina pensheni ya nyongeza, hasa kwa makada (wafanyakazi wa ngazi ya juu). Ukiambiwa ipo, uliza maswali haya na udai majibu ya maandishi:

Pesa iko wapi? Ikiwa iko kwa kampuni ya bima, kuna mkataba wa bima wenye nambari, na ukipata hiyo nambari unaweza kwenda kuuliza mwenyewe. Tangu Sheria ya Bima ya 2015 ilipovunja ukiritimba wa SONAS, bima ya Leta, kuna zaidi ya bima moja sokoni, kwa hiyo jua jina. Ikiwa pesa iko ndani ya akaunti ya kampuni yenyewe, basi unachomiliki ni ahadi. Kampuni ikifilisika, unasimama kwenye foleni ya wadai pamoja na wengine.

Ni haki yako kuanzia lini? Mipango mingi ya namna hii inataka miaka kadhaa ya kazi kabla sehemu ya mwajiri haijawa yako. Mtu anaondoka miezi michache kabla ya tarehe hiyo kwa sababu ya nyongeza ndogo ya mshahara kwingine, na anaacha pesa nyingi nyuma yake.

Ni kwa sarafu gani? Ukiona ahadi ya faranga za Kongo bila kifungu cha kuirekebisha, kumbuka kwamba nchi hii ilibadilisha sarafu mara mbili katika miaka mitano: zaïre mpya ya 1993 ilichukua nafasi ya zaïre za zamani milioni 3, na faranga ya 1998 ikachukua nafasi ya zaïre mpya 100,000. Pensheni iliyowekwa kwa tarakimu tu inaweza kubaki tarakimu tu.

Na nani ameandikwa kuwa mrithi? Fomu iliyojazwa ukiwa kijana, kabla ya ndoa, bado ndiyo inayosema.

Kabla ya kutia sahihi décompte, ichukue nyumbani ukaihesabu. Wakikulazimisha kusaini pale pale, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: «sous réserve de vérification», yaani nitahakikisha kwanza. Tena usitoke bila cheti cha kazi. Sheria inamtaka mwajiri aandike aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, pamoja na nambari yako ya usalama wa jamii. Cheti kisicho na nambari hiyo, kirudishe kijazwe.

Sendika: nini inashika, nini haishiki

Ndugu aliye Marekani akikuambia analipwa "pensheni ya sendika", anasema kweli, lakini usitafute kitu hicho hapa. Kule, tangu sheria ya Taft-Hartley ya 1947, kuna makasha ya pensheni yanayoshirikisha waajiri wengi wa kazi moja, kama madereva wa malori au mafundi wa ujenzi. Wajumbe wa sendika na wa waajiri wanaliongoza kasha kwa idadi sawa. Dereva anahama kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine na miaka yake inaendelea kuhesabiwa ndani ya kasha lile lile, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na pensheni ya kampuni moja. Udhaifu wake ni kwamba waajiri wengine wakifunga biashara, wanaobaki wanabeba mzigo wa wote. Kasha la Central States la madereva lilikaribia kuishiwa, hadi serikali ya Marekani ikaliokoa mwaka 2022 kwa dola karibu bilioni 36. Na Mmarekani huyo huyo anapata pia malipo ya serikali, Social Security, anayochangia asilimia 6.2 huku mwajiri akiweka 6.2. Pesa mbili, ofisi mbili.

Kwetu, mchango unaotoa kwa sendika unalipia kazi ya sendika. Haujengi pensheni. Ila sendika inashika kitu kingine chenye thamani: makubaliano ya pamoja. Humo ndimo malipo ya mwisho wa kazi yanapoandikwa, pamoja na matibabu ya waliokwenda retreti (waliostaafu) na msaada wa mazishi. Omba nakala kwa delege, usome vifungu vya mwisho wa kazi, uvipige picha. Toleo linalokuhusu ni lile lililokuwa likitumika siku ulipotoka.

Kama kuna chama cha kusaidiana cha wafanyakazi, uliza nani anatia sahihi benki (isiwe mtu mmoja), na kama mchango wako unarudi ukitoka. Vyama vingi vya namna hii vinafaa kwa msiba na ugonjwa. Kuvitegemea kwa miaka 20 ya uzee ni kujidanganya.

Upande wa Leta

Hapa mantiki inabadilika. Kwa miaka mingi mtumishi wa Leta hakuchangia. Pensheni ilitoka moja kwa moja kwenye bajeti, na ikategemea hali ya bajeti. CNSSAP ililetwa ili mtumishi na Leta wachangie kama ilivyo kwa CNSS, na sheria ya 2022 ikaweka utaratibu huo maalumu.

Tofauti nyingine ni umri. Kwa CNSS, tangu sheria ya 2016, ni miaka 60 kwa mwanaume na mwanamke. Kwa watumishi wa kudumu wa Leta, sheria ya 2016 ya utumishi inasema miaka 65 ya umri au 35 ya kazi. Na mtumishi hajipeleki retreti mwenyewe: kunatakiwa karatasi rasmi ya kumstaafisha. Ndiyo maana unakuta wazee wa miaka 70 bado wako ofisini. Wengi wao hawakukataa kuondoka, wanaogopa kutoka bila hiyo karatasi.

Kwa hiyo tunza, katika bahasha moja: karatasi ya kuingizwa utumishini, barua zote za kupandishwa cheo, za kuhamishwa, na karatasi za malipo. Cheo kilichopandishwa kwa mdomo hakiingii kwenye hesabu. Kwa mwalimu, hakikisha matrikule yako ipo na jina limeandikwa sawa kwenye orodha ya DINACOPE, ofisi ya malipo ya walimu, ile SECOPE ya zamani. Aliyefundisha miaka mingi akiwa "NU" (nouvelle unité), bila matrikule, ana kazi ya ziada ya kuthibitisha miaka hiyo, na aianze akiwa bado darasani, wakati mkurugenzi aliyemwona akifundisha yupo bado wa kutia sahihi.

Kufungua dosye

Kwa CNSS, anza kukusanya mwaka mmoja kabla ya kufika 60. Utahitaji fomu ya maombi, kitambulisho, kadi au nambari ya CNSS, karatasi ya kuzaliwa, vyeti vya kazi vya kila mwajiri, karatasi za mshahara hasa za miaka ya mwisho, picha ndogo na namna ya kulipwa. Lazima uwe umeacha kazi ya mshahara. Ukiwa umefikia umri lakini miezi yako haitoshi kwa pensheni ya kila mwezi, malipo yanakuja mara moja, kwa mkupuo. Hapo ndipo miezi mitano iliyopotea kwa mkandarasi wa zamani inaweza kugeuza pensheni ya maisha kuwa bahasha moja. Itafute kabla ya kutia sahihi.

Mjane na mayatima wana haki yao wenyewe. Ongeza cheti cha kifo, cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za shule kwa wanaosoma. Ndoa ya kimila isiyoandikwa komini ndiyo inayowakwamisha wamama wengi. Mume akiwa hai, nendeni mkaiandikishe, hata kama mmekaa miaka 30.

Aliyefanya kazi Zambia, Kitwe au Ndola, asilete miezi hiyo CNSS akitegemea itajumlishwa. NAPSA, kasha la pensheni la Zambia lililoanza mwaka 2000, ina daftari lake: michango ni asilimia 5 kwa 5, na pensheni ya kila mwezi inataka michango 180. Aende kudai kule, na kadi yake ya NRC (kitambulisho cha Zambia) au pasipoti aliyoajiriwa nayo.

Pensheni ikianza kutoka, kazi inayobaki ni kujionyesha kwamba uko hai kila wanapoitisha uhakiki. Ukilazwa hospitalini au ukienda kukaa kwa watoto Kolwezi, tuma mtu mapema na cheti cha uhai kilichotolewa na komini ya mahali ulipo. Malipo yakisimamishwa, omba kwa maandishi yarudishwe pamoja na miezi iliyorukwa, na taja miezi hiyo mmoja mmoja katika barua.